Dakika Kumi na Mbili Kichuguuni

Mimi ni dereva. Nimeendesha pikapu ya kampuni ya mbegu na mbolea hapa Mpanda kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo nimekwama matopeni mara nyingi kuliko nilivyopandishwa mshahara. Kazini wananijua kwa mambo mawili: chai yenye tangawizi nyingi na hasira za karibu. Hasira zangu si za kumpiga mtu. Ni za kubamiza mlango wa gari, halafu kurudi kuufungua taratibu kuangalia kama umeharibika.

Mwaka huo tuliletewa meneja mpya kutoka Dar es Salaam, kijana msafi, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu ya kuonekana anafanya kazi, na jambo la kwanza alilofanya ni kufunga GPS kwenye magari yote. Sikujali. Nilisema gari ni lao, walifuatilie wanavyotaka. Sikujua bado kwamba kuna kichuguu Magamba kinachonisubiri.

Hapo lazima nieleze kidogo.

Sisi ni Wasukuma. Baba zetu walishuka huku Katavi na ng'ombe wao, wakaja pia na mila zao, na mila mojawapo ni kwamba mama mkwe hatazamwi. Sili naye, sikai naye, simpi mkono, wala silitaji jina lake. Tukikaribiana njiani, mmoja wetu anaingia porini mpaka mwenzake apite. Kuna siku nilimwona kwa mbali anakuja nikiwa kwenye usukani, nikaliingiza gari zima kwenye shamba la mahindi la mtu. Nikalipia mahindi. Mke wangu alicheka siku mbili.

Watu wasioijua mila hii hudhani ni chuki. Si chuki, ni heshima kubwa mpaka imekuwa nzito kubeba. Nilikuwa nimeishi na binti yake miaka kumi na minne na sikuwahi kumjua sura. Nilimjua kwa mgongo na kwa kanga.

Basi siku moja, masika yakiwa yameanza, simu yangu iliita namba nisiyoijua. Nikapokea, kimya. Nikasema "haloo" mara tatu, nikaanza kupandisha hasira, ndipo sauti ya mama mtu mzima ikasema, "Mkwe."

Karibu niitupe simu dirishani.

Wazee waliotuachia mila hii hawakuijua simu, kwa hiyo hawakuikataza. Nadhani naye alishalifikiria hilo kabla ya kupiga. Akaniambia kwamba anaumwa, ugonjwa gani, na kwamba amepewa dawa za kumeza kila siku kwenye kituo cha afya cha mjini. Ugonjwa wenyewe sitautaja hapa. Ameniruhusu kusimulia mengine yote, hilo hakuniruhusu, kwa hiyo msomaji usijisumbue kubashiri. Shida yake ilikuwa foleni. Alisema foleni ile ina macho, na nusu ya macho hayo yanatoka kijijini kwake. Alikuwa ameongea na nesi, nesi akakubali mtu mmoja awe anachukua mfuko kwa niaba yake.

Nikamuuliza kwa nini asimwambie binti yake.

"Wanangu nikiwaambia watanitazama," akasema. "Wewe huwezi kunitazama."

Nikasema, "Sawa, mama." Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwita mama.

Tukapanga hivi. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, ninapopeleka mbegu kwa mawakala njia ya Magamba, nachepuka kidogo mpaka kwenye kichuguu kikubwa kilichoko kama mita mia mbili kutoka kwake. Karibu zaidi ya hapo siwezi. Naweka mfuko nyuma ya kichuguu, nampigia, nakata. Kisha nakaa garini, mgongo wangu kwake, kioo cha pembeni nimekigeuza kitazame mbinguni. Kuondoka siwezi mpaka auchukue, kwa sababu mbuzi wa pale wanakula hata kandambili. Akishauchukua anakohoa mara mbili, kikohozi cha kuigiza, ndipo nawasha gari. Yote hayo huchukua dakika kumi na mbili hivi. Namba yake sikuihifadhi kwa jina, maana ningeandika nini? Jina lake silitaji kwa mdomo, nitalitaja kwa kidole?

Miezi mitatu ilipita hivyo. Halafu Alhamisi moja meneja akaniita ofisini.

Alikuwa na kompyuta mbele yake, na kwenye kompyuta kulikuwa na ramani, na kwenye ramani kulikuwa na alama nyekundu katikati ya pori. Akanionyesha. Gari limesimama hapa mara sita. Hakuna wakala hapa, hakuna duka, hakuna hata nyumba. Dakika kumi na mbili, dakika kumi na moja, dakika kumi na tatu. "Unashusha nini hapa, dereva?"

Nikasema sishushi kitu cha kampuni.

"Basi huna cha kuficha. Naomba simu yako."

Hapa nilifanya ujinga, na ninausema wazi ili mwingine asiufanye. Niliitoa. Sikuitoa tu, nilimtajia na namba ya siri. Nilikuwa nimekulia kwenye imani kwamba asiye na kosa haogopi kupekuliwa, na niliona nikikataa nitakuwa nimejihukumu mwenyewe. Akaingia kwenye ujumbe, akatafuta, akaikuta namba isiyo na jina, inayopigwa siku zile zile za alama nyekundu. Chini yake kulikuwa na maneno: "Zimebaki chache. Jumanne weka pale pale." Na jingine: "Nimechukua. Hakuna aliyeniona."

Nilipoyasikia yakisomwa na mtu mwingine, hata mimi nilijiona mwizi.

"Huyu ni nani? Taja jina."

Nikasema hilo siwezi. Jina lake silitaji, na siri yake sikuruhusiwa kuitoa. Meneja akatoa simu yake, akapiga picha ujumbe ule, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama anapiga picha za harusi. Akaniambia nitapata barua, na nikabidhi funguo za gari.

Nilipotoka, sikwenda hata kubamiza mlango. Nilikaa kwenye magunia ghalani. Pale ghalani tunaye dada mmoja, mtu wa Sumbawanga, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, ndiye mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi. Akanitazama, akaweka kalamu sikioni.

"Wamekufanya nini?"

Nikamwambia kuhusu ramani na simu. Kuhusu mama mkwe sikumwambia.

"Nani kakwambia uwape simu?"

"Nilidhani nikikataa wataona nina hatia."

"Kaka yangu, gari ni lao, wakilifuatilia mpaka kwenye choo cha shimo ni sawa tu. Simu ni yako. Hata kama wanakuchunguza, mambo yako ya ndani hayawi ya kampuni. Sheria ya taarifa za mtu ipo siku hizi, nyie madereva mnasikiliza mpira tu redioni." Akavuta kijitabu kutoka chini ya karatasi za stoo, kimekunjamana kama kimeliwa na mbuzi wa Magamba. "Sasa sikiliza. Lazima wakuandikie tuhuma, siyo kukutupia maneno. Lazima wakupe siku zisizopungua mbili ujiandae. Lazima wakuruhusu uje na mtu wa kukusaidia kusema. Na huyo mtu ni mimi, hata kama hujaniomba."

"Dada, kuna kitu siwezi kukisema hata mbele yako."

Akaniangalia kidogo. "Ni kitu cha kampuni?"

"Hapana."

"Basi usiniambie." Akarudi kuandika.

Sijui kama alijua alichonipa siku ile. Nilitoka pale bado nina hofu, lakini hofu yenyewe ilikuwa na mipaka.

Barua ikaja Ijumaa, kikao kikawekwa Jumatatu asubuhi. Lakini picha zile hazikungoja Jumatatu. Sijui meneja alimwonyesha nani, na huyo alimwonyesha nani. Ijumaa jioni mlinzi wa getini akaniuliza kwa kicheko, "Yule wa Magamba hajambo?" Jumamosi mke wangu alirudi kutoka sokoni na kapu tupu. Alikuwa ameambiwa kwenye meza ya dagaa kwamba mumewe anasimamisha gari porini kukutana na mwanamke.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Akasema tu, "Nionyeshe hiyo namba."

Ndipo maji yakanifika shingoni. Namba ile angeitambua kabla sijamaliza kuitoa simu mfukoni. Ni namba ya mama yake. Ningeonyesha, ningeokoa ndoa yangu palepale, na siri aliyonikabidhi mama wa watu ingekwisha hapo jikoni, kwenye moshi wa mkaa. Nisingeonyesha, mimi ni mzinzi nyumbani na mwizi kazini.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Naomba uniamini mpaka Jumatatu." Nilijisikia ninavyosema, na mimi mwenyewe nisingejiamini.

Jumapili baada ya misa akafunga kanga kwenye kifurushi, akapanda bodaboda akaenda kwao. Hakuaga. Siku nzima nilifua nguo ambazo tayari zilikuwa safi. Watoto waliniuliza mama atarudi lini, nikawakaripia, kisha nikawakaangia mayai matatu kila mmoja. Kwa mara ya kwanza nikamlaani mama mkwe kimoyomoyo, halafu nikaona aibu, nikaomba msamaha kimoyomoyo.

Jumatatu tukakaa kwenye chumba cha mikutano, ambacho kwa kweli ni stoo ya vipeperushi. Mwenyekiti wa kikao alitoka tawi lingine, mzee mwenye mafua, leso mkononi muda wote. Meneja upande huu, mimi na dada wa ghalani upande ule. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto.

Meneja akaeleza vizuri, lazima niseme. Ramani, dakika, namba isiyo na jina. Alipofika kwenye picha za ujumbe, dada akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, hizo picha zimetoka kwenye simu yake binafsi. Hakuandikiwa tuhuma yoyote wakati ule, hakuambiwa anaweza kukataa, na kufikia Jumamosi habari zake zilikuwa zimefika sokoni. Naomba tusizisome."

Mwenyekiti akapenga kamasi, akafikiri. "Tutaziweka pembeni. Endelea bila hizo."

"Bila hizo?" Meneja akashangaa.

"Bila hizo."

Kisha dada akauliza swali ambalo ningelikumbuka mwenyewe kama nisingekuwa nimejaa hofu na hasira. "Naomba kujua, kitu gani kimepotea?"

Meneja akaiangalia ramani yake.

"Mbegu? Mbolea? Mafuta ya gari? Mimi ndiye wa ghalani. Kila hati ya kupokelea mzigo ya gari lile imesainiwa na mawakala, zote hizi hapa, na gari halijanywa mafuta kuliko kawaida yake. Nataka tu kutajiwa kilichoibiwa."

Meneja akapekua karatasi zake. Akazipekua tena kutoka nyuma. Masikini, alikuwa amehangaika sana na simu yangu hata hakuwahi kwenda ghalani kuuliza kama kuna kitu kimepungua.

Mwenyekiti akanigeukia. "Lakini ulisimama, na gari si lako. Pale anaishi nani?"

"Mama mkwe wangu, mita mia mbili mbele. Nampelekea mfuko. Mfuko ni wake, wala si wa kampuni. Kilichomo sitasema."

"Mficha maradhi kilio humfichua," meneja akasema, nadhani akitaka kuonekana naye ni mtu wa busara. Maneno yalinichoma, kwa sababu bila kujua alikuwa amepiga palepale.

Dada akamjibu, "Humfichua kilio, bosi. Siyo kampuni."

Mwenyekiti akawa bado ananitazama. "Kama ni mkwe wako, kwa nini hufiki nyumbani? Kwa nini unasimama porini kama mtu anayeiba?"

Nikaanza kueleza mila yetu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyosikika ya kutunga. Niliona uso wa meneja. Kwao mama mkwe anapewa mkono, anapikiwa pilau, anapigwa picha. Hata mwenyekiti alikuwa ameshusha leso, akinikodolea macho kama mtu anayehesabu uongo.

Ndipo nje ya dirisha mtu akakohoa mara mbili.

Sikufikiri. Mwili wangu ulisimama wenyewe, kiti kikaanguka, nikageuka nikatazama ukutani. Nilijikuta nimekabiliana na kalenda ya kampuni, picha ya mahindi, pua yangu ikikaribia kabisa kuyagusa. Sikugeuka.

"Hodi," sauti ile ya kwenye simu ikasema. "Mimi ndiye mwenye mfuko. Nimekuja kusema kilichomo, mkwe wangu asifukuzwe kazi kwa ajili yangu."

Mwanamke aliyekwepa foleni kwa sababu ya macho ya majirani alikuwa amepanda bodaboda kutoka Magamba kuja kujianika mbele ya watu asiowajua. Nikasema na kalenda, "Mama, usiseme." Hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake bila simu katikati.

Nikasikia kiti cha mwenyekiti kikisogea. Alitembea mpaka dirishani. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Mama, hatukuulizi kilichomo. Hakituhusu. Nilitaka kujua tu kama mfuko una mwenyewe, na nimemwona. Kaa kivulini, tunamaliza sasa hivi."

Akarudi. Akaniangalia mgongoni, nadhani, maana nilisikia anacheka kupitia pua iliyoziba. "Nimekaa vikao vya nidhamu vingi," akasema. "Ushahidi wa mtu kuangalia kalenda sijawahi kuuona. Dereva, huyo mama ameshaondoka dirishani. Unaweza kugeuka."

Uamuzi ulisomwa kabla ya saa sita. Wizi, hakuna. Kuchepusha gari la kampuni bila ruhusa, lipo, na nimepewa onyo la maandishi, ambalo nilistahili na nililisaini kwa furaha kama cheti cha shule. Meneja aliagizwa azifute picha za ujumbe wangu mbele yangu na mbele ya dada, na kila aliyetumiwa naye aambiwe azifute. Alizifuta moja moja, dada akiwa amemwinamia begani anahesabu kwa sauti. Ilipokwisha, kijana wa watu akanipa mkono. "Samahani, mzee. Ningeanza kukuuliza vizuri." Mimi sijafika umri wa kuitwa mzee, lakini siku hiyo sikukasirika. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu Alhamisi.

Nje, chini ya ukuta wa ghala, mke wangu alikuwa amesimama peke yake. Mama yake alikuwa amekwenda kukaa upande wa pili wa jengo, nisije nikamwona.

Kumbe mke wangu alipofika kwao Jumapili alimlilia mama yake kwamba mumewe ana mwanamke, tena anasimama naye karibu kabisa na hapo kwa mama, kwenye kile kichuguu, na kwamba Jumatatu ana kikao kazini kwa sababu hiyo. Mama akamwacha alie mpaka amalize. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko, akauweka mapajani kwa binti yake.

"Ameniambia," mke wangu akasema.

"Nashukuru Mungu," nikasema, na nikalia pale pale, mbele ya mlinzi wa getini na kicheko chake. Mke wangu akanifuta uso kwa pembe ya kanga. Alisema pia kwamba ningeweza kumwonyesha ile namba Jumamosi na yote yangeisha. Nikamwambia haikuwa namba yangu ya kuonyesha. Akauliza kama watoto walikula jana. Nikamwambia mayai.

Siku hizi tunakwenda wote wawili, kwa pikipiki yetu, siku ambayo si ya kazi. Naisimamisha kwenye kichuguu kile kile. Mke wangu anashuka na mfuko, anautembeza mpaka mlangoni, anaingia. Mimi nabaki, mgongo kwenye nyumba. Wiki iliyopita niliwasikia wanacheka mle ndani, mama na binti, kicheko kirefu, sijui walikuwa wananicheka mimi. Nilingoja pale karibu saa nzima, na hakuna ramani iliyoniuliza.

Mama mkwe hakohoi tena kunipa ishara. Akitaka niondoke, anamtuma binti yake.